Maji ya Chenga

Banda la Mihayo lilikuwa Isevya, nyuma ya mashine ya kusaga,
unga ukituingia hadi kwenye kope.
Shilingi hamsini, roho tatu.
Mimi sikuwa na hamsini. Nilikuwa na macho,
na kutazama, alisema Mihayo, bado hakujapangiwa bei.

TV ya chogo, inchi kumi na nne, kioo kimetuna kama jicho la chura.
Kaseti ikigoma tunaipuliza kwa zamu,
tunavuvia kama wahunzi,
halafu taa nyekundu, halafu ule mlio,
halafu mlima.

Mlima ule ulikuwa na rangi tatu tu.
Zambarau ya kivulini, zambarau iliyopauka,
na mstari mwembamba wa waridi pale jua lilipougusa.
Tatu!
Nami nikasikia baridi ya kileleni
nimekalia ndoo, mwezi wa kumi, bati likilialia kwa joto.

Shujaa hakuwa na pua.
Jicho lake nukta moja nyeusi.
Lakini ukimwacha asimame bila kumgusa
alianza kupigapiga mguu chini,
kama mama dukani akingoja chenji yake.
Nani alimwambia mchoraji yule, huko aliko,
kwamba nukta mbili zikisogea zinatosha kuwa hasira?

Wenzangu walimtazama adui.
Mimi nilitazama nyuma ya adui:
nyasi za mbele zinakimbia,
miti ya kati inatembea,
vilima vya mbali vinajikokota,
mwezi haujali.

Miaka minne baadaye nikapanda treni ya Kigoma, mara yangu ya kwanza,
tunakwenda kumzika bibi.
Tulipoipita Urambo nikabandika uso dirishani.
Nyasi za kando ya reli zinakimbia,
mizinga ya nyuki mitini inatembea,
vilima vinajikokota.
Nikapayuka, "Wameiga!"
Mama mmoja aliyepakata kuku akaniuliza nani kamuiga nani.
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Sasa nachora mabango.
Saluni, duka la dawa, fundi pikipiki wa Cheyo.
Wateja wanataka rangi kumi. Nawapa tatu,
wanalipa kwa kununa,
kisha wanasimama ng'ambo ya barabara wakiyaangalia kwa muda mrefu.

Nyumbani mama alipepeta mchele,
mizima ya kuuza, chenga zetu.
Nimekulia kwenye chenga.
Labda ndiyo maana.

Hatua ya nne ilikuwa na maporomoko.
Sijaona maji kama yale: yanashuka mbele ya mwamba na mwamba unaonekana,
shujaa anapita nyuma yake
hapotei, haonekani vizuri, kama mtu unayemkumbuka.
Kapuli alifia hapo kila siku,
nami kila siku nilimshukuru kimoyomoyo, maana tulirudi.

Mwaka jana mtoto wa kaka kaniletea mashine ileile, ya mtumba,
kaichomeka kwenye TV bapa, pana kama mlango.
Hatua ya nne. Nikasogeza kiti.

Hakukuwa na maji.
Kulikuwa na vinukta: cheupe, tupu, cheupe, tupu,
bao la drafti lililosimamishwa wima,
wavu wa dirishani.
Nikahesabu, nikachoka.

Kumbe ni TV ya Mihayo iliyokuwa ikiyayeyusha,
yale makengeza yake, zile chenga zake,
unga uliogandia kiooni ambao hatukuufuta hata siku moja.
Mchoraji alijua.
Alichora nusu, nusu akauachia ubovu.

"Imekufa, shangazi?" aliuliza mtoto.
"Nizime?"

Nikavua miwani.

"Acha," nikamwambia. "Yanashuka."